Chuo cha Fahari na Chuo cha Akiba: Historia ya Hadhi ya Elimu katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Ikisiri

Waombaji wa nafasi za chuo kikuu katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kama wenzao wa kwingineko, huvipanga vyuo kwa madaraja: kipo kinachoombwa kwa fahari, na kipo kinachoombwa ili mtu asikose vyote. Makala haya yanafuatilia historia ya mpangilio huo tangu enzi ya vyuo vya Kurani hadi vyuo vikuu vya leo. Hoja yake kuu ni kwamba jina la “chuo cha akiba” halipimi ubora wa ufundishaji, bali linaonyesha mahali ambapo tawala zilizofuatana ziliweka milango ya kujiendeleza. Kwa hiyo fahari ya mwombaji haibadilishwi kwa mawaidha wala kwa majengo peke yake, huifuata milango. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo matatu kwa watunga sera.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, akiba ni neno la heshima. Mwenye kuweka akiba husifiwa kwa busara yake, na wahenga wametuachia kauli kwamba akiba haiozi. Hata hivyo, neno hilo linapoambatanishwa na chuo, maana yake hugeuka. Chuo cha akiba ni kile ambacho mwombaji hukiandika mwisho katika fomu yake, akitumaini hatalazimika kukiingia. Akikubaliwa huko tu, jamaa humpongeza kwa sauti ya chini, na yeye mwenyewe huanza masomo akiwa na hisia ya aliyeshindwa kabla hajasikiliza mhadhara hata mmoja.

Desturi hii haikuanzia Afrika Mashariki. Nchini Marekani, ambako mwombaji mmoja huweza kuandikia vyuo kumi au zaidi, washauri wa shule huwafundisha vijana kugawa orodha zao katika mafungu: vyuo vya ndoto, vyuo vya kiwango chao, na vyuo ambavyo kukubaliwa kwao ni jambo la hakika. Nchini Kenya, mwombaji huorodhesha machaguo yake kwa mfuatano katika mfumo wa kitaifa wa upangaji. Nchini Tanzania, kusema “nimepata Mlimani” kumekuwa kwa miaka mingi ni kutangaza hadhi, si kutaja mahali tu. Nchini Msumbiji, nafasi ya Mlimani imeshikwa na Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane kilichopo Maputo.

Swali la makala haya si kama mpangilio huo upo, bali ulitoka wapi, na unamgharimu nini kijana wa Palma, Mocímboa da Praia, Macomia, Quissanga au Ibo. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni pwani ya wasemaji wa Kimwani, Kiswahili na Kimakonde iliyokuwa na mfumo wake wa elimu na maandishi karne nyingi kabla ya shule ya Kireno. Pili, liko mbali mno na mji mkuu wake. Kutoka Palma hadi Maputo ni zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara, ilhali Dar es Salaam iko karibu zaidi mara kadhaa. Mahali kama hapa ndipo uhusiano wa umbali na hadhi unapoweza kuchunguzwa vizuri.

2.0 Chuo kabla ya chuo kikuu

Neno “chuo” lenyewe ni ushahidi wa kihistoria. Katika Kiswahili cha kale lilikuwa na maana ya kitabu; kisha likawa mahali mtoto anaposomeshwa Kurani; na kutokana nalo tukapata mwanachuoni, yaani mtu mwenye elimu pana ya dini. Chuo kikuu kilipohitaji jina katika karne ya 20, lugha haikwenda mbali kulitafuta. Iliongeza kivumishi tu juu ya neno ambalo kila mtoto wa pwani alilijua.

Pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado ilikuwa sehemu ya ulimwengu huo wa vyuo. Ghuba ya Tungue, iliyoko Palma ya leo, ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hadi Wareno walipoitwaa mwaka 1887. Wanazuoni, wafanyabiashara na manahodha walisafiri kati ya visiwa vya Quirimba, Kilwa, Zanzibar, Komoro, Angoche na Kisiwa cha Msumbiji. Mwaka 1897 tarika ya Shadhiliyya ilifikishwa Kisiwa cha Msumbiji na shehe kutoka Komoro, na miaka michache baadaye Qadiriyya ikafika kupitia Zanzibar. Tarika hizo zilienea kaskazini na bara kwa kupitia njia zilezile za jahazi na misafara.

Ulimwengu huo haukuwa wa usawa. Ulikuwa na madaraja yake: muungwana na mtumwa, mwanamume na mwanamke, mwenye nasaba na asiye nayo. Elimu nayo ilikuwa na ngazi zake. Aliyesoma Zanzibar kwa shehe mashuhuri aliheshimiwa kuliko aliyeishia kwa mwalimu wa kijijini. Lakini mpangilio huo ulikuwa na sifa moja inayopaswa kuzingatiwa. Hadhi ya mwanazuoni ilitokana na ijaza na silsila, yaani mlolongo wa walimu waliomfikisha alipo. Katika mlolongo huo mwalimu wa karibu alikuwa hatua ya kwanza ya safari. Shehe wa mbali alimpokea mwanafunzi kwa sababu ya kile alichokwisha kukipata nyumbani. Chuo cha kijijini kilikuwa kidogo, lakini hakikuwa cha akiba. Kilikuwa mlango wa kuingilia, na aliyetoka Zanzibar akiwa mwanachuoni hakuona haya kumtaja aliyemfundisha alifu na bee.

Maandishi ya elimu hiyo yapo hadi leo. Hifadhi ya Nyaraka za Kihistoria ya Msumbiji, iliyoko Maputo, ina barua za karne ya 19 zilizoandikwa kwa Kiswahili katika hati ya Kiarabu, ambazo mtafiti Liazzat Bonate amezichunguza kwa kina. Ni mawasiliano baina ya watawala wa pwani na maofisa wa Kireno. Kwa maneno mengine, dola ya kikoloni ilipohitaji kuelewana na wenyeji, ilijua kwamba walikuwa na watu wa kuandika na kusoma. Miongo michache baadaye, sheria za dola hiyohiyo ziliwahesabu watu hao kuwa wasiojua kusoma.

3.0 Shule iliyojengwa iwe mwisho

Kampuni ya Niassa ilipewa hati ya kulitawala eneo hili mwaka 1891 na ikaendelea hadi 1929. Ilikuwa kampuni ya kodi, vibarua na ushuru, na elimu haikuwa miongoni mwa shughuli zake za maana. Baada ya utawala kurudi moja kwa moja mikononi mwa Ureno, amri ya mwaka 1930 ilipanga elimu ya “wenyeji” kuwa tofauti na elimu ya Wazungu na ya waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Mwenyeji aliwekewa shule ya msingi ya awali iliyokusudiwa kumfundisha Kireno kidogo, kazi za mikono na utiifu. Makubaliano ya Ureno na Vatikani ya mwaka 1940, pamoja na Sheria ya Misheni ya 1941, yalikabidhi elimu hiyo kwa Kanisa Katoliki.

Athari zake katika Cabo Delgado hazikuwa sawa kila mahali. Katika uwanda wa juu wa Mueda, misheni ya Nangololo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1924, na baadhi ya familia za Wamakonde zilipata kwa njia hiyo kusoma na kuandika Kireno. Pwani, ambako wakazi wengi walikuwa Waislamu, wazazi waliitazama shule ya misheni kama hatua ya kuelekea ubatizo, na wengi wakawazuia watoto wao. Hivyo tofauti ya kidini ikageuka kuwa tofauti ya vyeti, na tofauti ya vyeti baadaye ikageuka kuwa tofauti ya nafasi serikalini.

Hata kwa aliyeingia shule hiyo, jambo la msingi lilikuwa muundo wake. Chuo cha Kurani kilikuwa hatua ya kwanza. Shule ya awali ya wenyeji ilijengwa iwe hatua ya mwisho. Mipaka ya umri, mitihani ya Kireno, karo na uhaba wa shule za sekondari, ambazo zilikusanyika mijini na hasa kusini, vilihakikisha kwamba ni wachache mno waliopita. Hapa ndipo, kwa mara ya kwanza katika historia ya pwani hii, shule ya karibu ilikuwa duni kwa makusudi ya aliyeijenga. Mzazi aliyeidharau hakuwa na kiburi. Aliisoma nia ya mjenzi na akaisoma sawasawa.

Elimu ya juu ilipofika, ilifika mbali. Mwaka 1962, Ureno ilianzisha Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo, taasisi ya masomo ya chuo kikuu ambayo mwaka 1968 ilipandishwa kuwa Chuo Kikuu cha Lourenço Marques. Wanafunzi wake walikuwa hasa watoto wa walowezi. Mwishoni mwa ukoloni, Waafrika weusi walikuwa makumi machache tu miongoni mwa wanafunzi zaidi ya elfu mbili. Mvuto wa chuo hiki katika pwani ya kaskazini ulianza, basi, kama mvuto wa mlango uliofungwa.

4.0 Mgogoro wa 1968: fahari ndani ya ukombozi

Mwaka uleule wa 1962, FRELIMO iliundwa Dar es Salaam chini ya Eduardo Mondlane, ambaye historia yake ya masomo ilikuwa safari ya milango: alifukuzwa Witwatersrand mwaka 1949, akapitia Lisbon, kisha akasoma Oberlin na kupata shahada ya uzamivu Northwestern, Marekani. Mwaka 1963 Taasisi ya Msumbiji ilifunguliwa Dar es Salaam, ikisimamiwa na Janet Mondlane, ili kuwapa vijana wakimbizi elimu ya sekondari. Wengi wa wakimbizi walikuwa wamevuka mto Ruvuma kutoka Cabo Delgado, hasa baada ya vita vya ukombozi kuanza Chai, katika wilaya ya Macomia, tarehe 25 Septemba 1964.

Kwa vijana hao, Taasisi ilikuwa njia ya kuelekea chuo kikuu ng’ambo. Kwa uongozi wa FRELIMO, ilikuwa njia ya kurudi vitani na katika maeneo yaliyokombolewa wakiwa walimu, wauguzi na makada. Mwishoni mwa 1967 Mondlane aliandika waraka kuhusu wanafunzi wa Msumbiji waliokuwa Marekani, akiwalaumu kwa kuchelewesha kurejea katika mapambano. Nao walijibu mwaka uliofuata. Machi 1968 mvutano ulilipuka katika Taasisi yenyewe. Yalichanganyika ndani yake malalamiko mengi: walimu weupe, ukabila, nafasi ya padri Mateus Gwenjere, na sharti la kukatiza masomo ili kutumikia ndani ya nchi. Taasisi ilifungwa, baadhi ya wanafunzi wakakimbilia Kenya, na baadaye shule ya sekondari ya FRELIMO ikafunguliwa tena Bagamoyo.

Wanahistoria wameusimulia mgogoro huu kama sura ya siasa za ndani za chama. Ukiangaliwa kwa upande wa hadhi ya elimu, unatufundisha jambo jingine. FRELIMO iliuliza swali la haki: kwa nini shule ya porini, inayofundisha chini ya mwembe na kwa hatari ya mabomu, ionekane ya chini kuliko chuo cha Marekani? Wanafunzi nao waliuliza swali la haki: baada ya kufundisha porini, mlango wa kuendelea utakuwa wapi, na nani atahakikisha kwamba utabaki wazi? Swali la kwanza lilijibiwa kwa hotuba na kwa nidhamu. La pili halikujibiwa. Shule ya ukombozi ilipewa utukufu mkubwa, lakini haikupewa ngazi iliyo wazi kwa kila mmoja.

Waliopandishwa ngazi walithibitisha hoja hiyo kwa njia yao. Filipe Nyusi, aliyezaliwa Mueda mwaka 1959 na kusoma katika shule ya FRELIMO ya Tunduru, kusini mwa Tanzania, alifika hadi Brno, Chekoslovakia, kusomea uhandisi mitambo, na mwaka 2015 akawa Rais wa Msumbiji. Kwa mtu kama yeye, hakuna aliyeikumbuka Tunduru kama shule ya akiba. Shule huheshimiwa kwa kule ilikompeleka mtu.

5.0 Wakati uchaguzi ulipofutwa

Baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975, chuo kikuu cha Lourenço Marques kilipewa jina la Eduardo Mondlane mwaka 1976. Walimu na wataalamu wa Kireno walikuwa wameondoka kwa wingi, na nchi ilihitaji watu wa kujaza nafasi zao mara moja. Tarehe 8 Machi 1977 Samora Machel aliwatangazia wanafunzi wa sekondari kwamba masomo yao ya kawaida yangesitishwa, nao wangepangiwa kazi na kozi kulingana na mahitaji ya taifa. Kundi hilo linajulikana hadi leo kama Kizazi cha 8 Machi. Kijana aliyetamani udaktari aliweza kupangiwa ualimu, na aliyetamani uhandisi akapelekwa jeshini.

Kwa muda, basi, hakukuwa na mwombaji. Pasipo mwombaji hapangekuwa na chaguo la kwanza wala la akiba. Lakini madaraja hayakutoweka, yalihamia ng’ambo. Kuteuliwa kwenda Cuba, Umoja wa Kisovyeti au Ujerumani ya Mashariki kukawa ndiyo fahari mpya. Serikali ilifuta fomu ya maombi, haikufuta tofauti ya milango.

Kisa cha Stassfurt kinafaa kukumbukwa hapa. Kuanzia 1982 hadi 1988, watoto wapatao 900 wa Msumbiji, waliochaguliwa kutoka mikoa mbalimbali, walisoma katika Shule ya Urafiki kwenye mji huo wa Ujerumani ya Mashariki. Waliondoka kwa nderemo, wakiaminika kuwa wateule. Walipata elimu ya jumla na mafunzo ya ufundi, na waliporudi walikuta nchi iliyo vitani, viwanda walivyoandaliwa havipo, na wengi wao wakaingizwa jeshini. Haukupita muda, nchi iliyowapa vyeti ikatoweka katika ramani. Shule ilikuwa ya mbali, na ilikuwa na mabweni, vitabu na maabara. Hata hivyo, haikuwaachia hadhi waliyoahidiwa. Kisa hicho kinatenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Umbali peke yake hautoi fahari, wala vifaa peke yake havitoi. Mlango unaofunguka baada ya masomo ndio unaotoa.

6.0 Mito miwili na makao makuu yake

Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane kilianzisha mitihani ya udahili, na mwombaji akarudi. Pamoja naye yalirudi madaraja ya vyuo, safari hii ndani ya nchi. Waombaji walizidi nafasi mara kadhaa, na waliofaulu walitoka kwa wingi mikoa ya kusini, hasa jiji la Maputo, ambako shule za sekondari zilikuwa nyingi na bora zaidi. Malalamiko ya kaskazini na katikati kuhusu hali hiyo yalichangia kuzaliwa kwa taasisi mpya baada ya sheria ya elimu ya juu ya 1993. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji kilianza mwaka 1996 na makao makuu yake yakawa Beira, kwa makusudi ya kuitoa elimu ya juu mikononi mwa kusini pekee. Baadaye kilifungua Pemba kitivo cha usimamizi wa utalii na informatika. Mwaka 1998, Nampula, kilianzishwa Chuo Kikuu cha Mussa Bin Bique, chenye asili yake katika jamii ya Waislamu, na chenye jina la shehe ambaye Kisiwa cha Msumbiji chenyewe husemwa kuwa kilipata jina kutokana naye.

Serikali nayo ilichukua hatua. Chuo Kikuu cha Lúrio kiliundwa kwa amri ya Desemba 2006 na kuanza kazi mwaka 2007, na vitivo vyake vya uhandisi na vya sayansi asilia vikawekwa Pemba. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Ualimu kiligawanywa katika vyuo vitano, kimojawapo kikiwa Chuo Kikuu cha Rovuma, chenye tawi Montepuez.

Majina haya mawili yanastahili kutazamwa kwa makini. Lúrio ni mto unaoutenga mkoa wa Cabo Delgado na Nampula upande wa kusini. Rovuma ni mto unaoutenga na Tanzania upande wa kaskazini. Cabo Delgado nzima imelala kati ya mito hiyo miwili. Hata hivyo, makao makuu ya Chuo Kikuu cha Lúrio na ya Chuo Kikuu cha Rovuma yako Nampula, kusini mwa mto Lúrio. Mkoa umepewa majina ya vyuo. Umebaki na matawi. Tawi, kwa maumbile yake, hungoja saini kutoka kwingine: bajeti, ajira za wahadhiri na idhini ya kozi mpya huamuliwa makao makuu. Mwombaji wa Palma hahitaji kusoma mkataba wa chuo ili ajue hivyo.

Yupo atakayesema kwamba jina la akiba linaeleza ukweli wa ubora: Maputo ina wahadhiri wengi wenye shahada za uzamivu, maktaba kubwa na historia ndefu. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halitoshi. Kwanza, tofauti hizo zenyewe ni matokeo ya mahali fedha zilipowekwa tangu 1962. Pili, vyuo vya Pemba viliitwa vya akiba tangu siku ya kwanza, kabla hakijapatikana kizazi hata kimoja cha wahitimu wa kupimwa. Tatu, yapo masomo ambayo mahali pa karibu pana faida ya asili. Chuo cha Maputo kimekuwa na kituo cha baiolojia ya bahari katika kisiwa cha Inhaca tangu 1951, na sifa yake ni ya haki. Lakini kitivo cha Pemba kimezungukwa na matumbawe, mikoko na wavuvi wa Quirimba, ambako hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 2002. Mwanafunzi wa sayansi ya bahari hapo ana maabara mlangoni na ana wazee wanaoijua kwa majina ya Kimwani. Hilo bado halijageuzwa kuwa hadhi.

Tanzania inatoa ulinganisho wa karibu. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka uleule wa 2007 na Lúrio, nacho kilikuta Mlimani imekwisha kukaa katika mioyo ya watu. Lakini Dodoma kilikuwa na makao makuu yake yenyewe, na kuanzia 2016 wizara za serikali zikahamia mjini humo. Chuo kikazungukwa na ofisi, yaani na milango. Shule za sekondari za kata, kwa upande mwingine, zilienea kwa kasi kuanzia 2004 na zikadharauliwa. Walimu wake waliopewa mafunzo ya muda mfupi wakabandikwa lakabu ya “voda fasta”. Hata hivyo, ni shule hizo zilizowafikisha watoto wengi wa vijijini kidato cha nne, na wengine mbele zaidi. Lakabu hupungua makali pale ngazi inapoonekana.

7.0 Gharama ya jina wakati wa vita

Kufikia hapa tumezungumzia hadhi kana kwamba ni suala la heshima tu. Katika pwani ya kaskazini, tangu tarehe 5 Oktoba 2017, limekuwa zaidi ya hilo. Siku hiyo kundi lenye silaha lilishambulia Mocímboa da Praia. Mji huo ulitekwa Agosti 2020 na kukombolewa mwaka mmoja baadaye; Palma ilishambuliwa Machi 2021, na mradi wa gesi wa Afungi ukasimamishwa. Kabla ya hapo, Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilikuwa kimeipiga pwani ya Macomia na kisiwa cha Ibo. Desemba 2024 kimbunga Chido kiliikumba Mecúfi na Pemba. Idadi ya waliohamishwa na vita ilifikia takribani milioni moja. Shule nyingi zilifungwa, na barabara ya N380 inayopita Macomia ikawa njia ya hofu.

Makala haya hayadai kwamba mpangilio wa vyuo ulileta vita. Sababu zake ni nyingi, na zimejadiliwa kwingine. Lakini miongoni mwa malalamiko yaliyosikika mapema na mara kwa mara, tangu gesi ilipogunduliwa mwaka 2010, ni kwamba kazi nzuri huwaendea wageni wenye vyeti kutoka kusini na ng’ambo, ilhali mwenyeji huachiwa kazi ya ulinzi na ya kufagia. Hapa historia ya vyuo na historia ya ardhi hukutana. Cheti cha mbali ndicho kinachofungua lango la Afungi, na lango hilo limejengwa juu ya ardhi ya wavuvi na wakulima wa Palma.

Kwa kijana aliyehamishwa kutoka Mocímboa da Praia na kumaliza darasa la 12 akiwa Pemba, Maputo haiko mbali kwa kilomita tu. Nauli, chumba, chakula na jamaa wa kumpokea ni mambo ambayo familia iliyopoteza mashua na nyumba haiwezi kuyapata. Chuo kilichopo Pemba ndicho pekee anachoweza kukifikia. Jamii ikimwambia kwamba hicho ni cha akiba, na mwajiri akilithibitisha neno hilo kwa kumpuuza mhitimu wake, kijana hubaki na hitimisho moja: kwamba katika nchi yake hakuna kitu cha maana anachoweza kukifikia. Hilo ni hitimisho la hatari mahali ambapo wapo wengine wanaomwahidi hadhi kwa njia ya bunduki. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Nasi tunaweza kuongeza kwamba fimbo ya karibu haitashikwa na mtu aliyefundishwa kuionea haya.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyosimuliwa hapa ina mwendo ulio wazi. Katika enzi ya ijaza, chuo cha karibu kilikuwa kidogo lakini kilikuwa mlango. Ukoloni uliigeuza shule ya karibu kuwa ukuta. Harakati za ukombozi ziliitukuza shule ya porini, lakini hazikuionyesha ngazi yake kwa wote. Dola ya 1977 ilifuta uchaguzi, na madaraja yakavuka bahari. Vyuo vipya vilileta majengo kaskazini, na maamuzi yakabaki kusini mwa Lúrio. Katika vipindi vyote hivyo wazazi na vijana wa pwani walisoma vizuri mahali milango ilipo, na fahari yao ikaifuata. Kuwalaumu kwa kupenda makuu ni kukosea anayestahili lawama.

Kutokana na hayo, makala haya yanatoa mapendekezo matatu. La kwanza linahusu ajira. Mikataba ya gesi na ya ujenzi mpya wa miji iliyoharibiwa itaje kwa uwazi nafasi za mafunzo kazini na za ajira kwa wahitimu wa vitivo vya Pemba na Montepuez. Chuo ambacho mhitimu wake anaonekana akiingia Afungi kwa kitambulisho cha mhandisi hakihitaji kampeni ya kujisifu.

La pili linahusu ngazi. Matawi ya Cabo Delgado yapewe mamlaka juu ya baadhi ya kozi, zikiwemo za uzamili katika nyanja ambazo mkoa una faida ya asili, kama sayansi ya bahari. Vilevile mwanafunzi anayeanza Pemba aweze kuhamia chuo kingine, cha Maputo au cha Dar es Salaam, bila kupoteza mwaka aliousoma. SADC ilikikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019. Kijana wa Palma anayekizungumza, na pengine kukisoma kwa hati mbili, ana mtaji ambao mfumo wa udahili bado hauuoni. Kuutambua mtaji huo kutakuwa kukubali kwamba waandishi wa zile barua za karne ya 19 hawakuwa wajinga.

La tatu linahusu takwimu. Takwimu za udahili zinazotolewa kwa mkoa mzima huficha tofauti iliyoanza katika enzi ya misheni, kati ya mji wa Pemba, uwanda wa Mueda na wilaya za pwani. Vyuo vichapishe kila mwaka idadi ya waombaji na ya waliodahiliwa kwa wilaya ya asili. Bila hivyo, sera itaendelea kuhesabu nafasi zilizotolewa kwa Cabo Delgado pasipo kujua kama hata moja imefika Quissanga.

Yakitekelezwa hayo, Maputo itabaki na hadhi yake, na wapo vijana wa pwani watakaoendelea kuitamani, kama babu zao walivyoitamani Zanzibar. Tofauti itakuwa kwamba aliyebaki Pemba atakuwa ameshika hatua ya ngazi ileile, na neno akiba litarudi katika maana yake ya asili: kitu cha thamani ambacho watu wenye busara hukiweka karibu.